Chang'ombe mara mbili: kabla hujageuza notibuku kuwa skripti

Wadogo zangu mnaotoka Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na kuingia kwenye kazi za takwimu hapa Dodoma, Kiswahili kinatudanganya kidogo. Herufi zake zote zimo katika alama 128 za ASCII, na hizo mifumo ya usimbaji (namna ya kugeuza herufi kuwa baiti) ya UTF-8 na cp1252 ya Windows huziandika sawasawa. Kwa hiyo unaweza kugeuza notibuku za Jupyter (faili za msimbo na matokeo yake zinazofunguliwa kwenye kivinjari) kuwa skripti za Python mwaka mzima usione kasoro, mpaka ije orodha ya kata.

Jina la kata ya Chang'ombe likichapwa kwenye Word, ritifaa yake hupindishwa. Kwa macho ni ileile. Kwa kompyuta ni alama nyingine, U+2019, yenye baiti tatu katika UTF-8. Zikisomwa kwa cp1252 unapata Changâ€™ombe. Ng'hong'onha yenye ritifaa mbili ndiyo usiseme! Na hata isipoharibika, ukijumlisha kaya kwa kata utaikuta Chang'ombe mara mbili, kila moja na idadi yake. Wapo wanaoipenda iliyopinda kwa kuwa iliyonyooka huvunja msimbo uliofungwa kwa alama moja ya nukuu. Fungeni kwa alama mbili, "Chang'ombe", basi. Na data mziweke sawa mapema kwa replace("\u2019", "'").

Amri ya jupyter nbconvert --to script kata.ipynb yenyewe haina shida. Notibuku ni JSON ya UTF-8, na faili la .py hutoka hivyohivyo. Shida huanza mkiongeza --stdout na kuelekeza matokeo kwa alama ya > ndani ya PowerShell 5.1, dirisha la amri la Windows. Hiyo huandika kwa usimbaji mwingine, UTF-16, na Python hulikataa faili. Mstari wa # coding: utf-8 mtakaoukuta juu ya skripti hauponyi chochote hapo: unatangaza tu usimbaji, haubadilishi baiti hata moja. Python 3 hata haiuhitaji.

Linalosumbua zaidi hutokea baadaye. Ndani ya notibuku, print("→ tayari") huonekana vizuri kwa sababu maandishi huenda kwenye kivinjari. Skripti hiyohiyo ikiwekwa ijiendeshe usiku, matokeo yakiingia kwenye faili la kumbukumbu, Windows huleta cp1252, ambayo mshale huo haina. Asubuhi unakuta UnicodeEncodeError na kazi imekatika katikati. Wekeni kigezo cha mazingira PYTHONUTF8=1 kwenye mashine inayoendesha skripti, na kila open() muiandikie encoding="utf-8". Python 3.15 imepangwa kutumia UTF-8 yenyewe bila kuambiwa, ila mashine za ofisi mnazijua, hazisasishwi haraka hivyo.

CSV ya kumpelekea bosi ni habari nyingine. Ataibofya ifunguke kwenye Excel, kwa hiyo hiyo hifadhini kwa utf-8-sig, yaani UTF-8 yenye alama mwanzoni inayoitambulisha kwa Excel.