Kwa mnaoanza kulea kuku wa mayai waliochoka

Wadogo zangu wa Makorora, Chumbageni na Pongwe hapa Tanga, nimewaona tena. Shamba linamaliza kundi, kuku wamefikisha wiki 80, mayai yamepungua, nanyi mnawachukua kwa huruma badala ya kuwaacha waende kwenye supu. Nawapenda kwa moyo huo. Lakini jioni hiyohiyo mnanitumia picha: kuku kabanwa kwapani, mdomo umefunguliwa kwa vidole, bomba la sindano limeelekezwa kooni. Jamani, acheni! Someni hili kabla hamjagusa dawa.

1. Mwangalie kwanza. Papasa kidari ujue amekonda kiasi gani. Papasa gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo, asubuhi kabla hajala. Linatakiwa liwe tupu. Likiwa limejaa majimaji na mdomo unanuka uchachu, shida iko hapo, wala msimpindue kichwa chini ili atapike, maana atayavuta yale maji kwenye mapafu. Inua mabawa na utazame manyoya ya karibu na tundu la kutagia, utitiri hukaa huko. Kinyesi cha kijani mara nyingi maana yake hajala siku kadhaa, ingawa mdondo (kideri) nao huleta kijani. Chenye damu, fikirieni kuhara damu, na mpelekeeni bwana mifugo sampuli ikiwa mbichi.

2. Mtenge. Wiki 3 hadi 4, chombo chake, maji yake, ndala zako za kuingilia kwake. Mtaa wetu una kuku wa kienyeji wanaozurura kila uwanja, na mdondo ukiingia hauchagui wa nani. Walio wazima wapeni I-2, chanjo ya mdondo, tone 1 jichoni, rudieni kila baada ya miezi 3. Mgonjwa hachanjwi.

3. Maji. Hapa mnivumilie, maana nitakaa kidogo.

Kuku wangu wa kwanza wa kuokoa alifika kwenye kreti juu ya pikapu, mwezi wa pili, jua la Tanga mnalijua. Shingoni hakuwa na manyoya, upanga umepauka, kasimama kazubaa mbele ya bakuli la maji bila kunywa. Nikasema huyu anaumwa sana. Nikakimbilia duka la dawa za mifugo, nikarudi na OTC ya unga, ile antibiotiki ya oxytetracycline, nikaikoroga, nikaivuta kwenye bomba. Shangazi alishika mabawa, mimi nikafungua mdomo na kusukuma. Alitikisa kichwa mara moja, akanyoosha shingo, kooni kukasikika maji. Nilidhani anameza. Nikaongeza. Akafa mikononi mwangu hata sijamweka chini.

Bwana mifugo alimpasua kesho yake. Maji yalikuwa kwenye bomba la hewa. Akaufungua ule mdomo, akanionyesha mwanya mdogo nyuma tu ya ulimi. Kuku akiwa hai unafunguka na kufunga kila anapovuta pumzi. Hana kile kifuniko tulicho nacho sisi cha kuuziba wakati wa kumeza. Mimi nilikuwa nimemiminia humo humo.

Kilichoniuma zaidi alikisema akiwa ananawa mikono. Aliniuliza kuku ametoka banda gani. Nikamwambia, la keji. Akasema hao wamekua wakinywa kwenye chuchu za bomba, bakuli hawalijui. Kuku wangu alikuwa na kiu tu. Alisimama mbele ya maji asijue kuwa ni maji, na mimi nikamletea dawa. Bado inanichoma, ndiyo maana napiga kelele nikiziona picha zenu.

Kwa hiyo: kivuli kwanza. Kisha gonga maji kwa kidole yatikisike ayaone, au chovya ncha ya mdomo tu, pua zibaki nje. Akishindwa kabisa, dondosha tone moja moja pembeni mwa mdomo, ngoja avute mwenyewe ndipo uongeze jingine. Mpira wa kupeleka chakula hadi kwenye gole ni kazi ya mtu aliyefundishwa kwa mkono. Chuo cha mifugo cha Buhuri wapo wanaofundishwa hayo, mtafuteni mmoja awaonyeshe.

4. Joto. Ushauri wa nchi za baridi unasema mwekeeni taa. Usiku wa masika, sawa. Mchana wa kaskazi kuku anatweta mdomo wazi, halafu nawe unamfungia na balbu ndani ya boksi? Anayetweta anahitaji upepo.

5. Dawa ikilazimu, fuateni kipimo cha bwana mifugo. OTC haiendi pamoja na chokaa wala maganda ya chaza, kalisi huishika isifanye kazi. Amprolium, dawa ya kuhara damu, haiendi pamoja na vitamini zenye B1. Mdondo ni kirusi, hakuna antibiotiki inayouponya. Mayai ya siku za dawa msile wala msiuze hadi siku zilizoandikwa kwenye lebo zipite.

6. Yai likikwama, kuku husimama wima, mkia chini, anajikamua bila kutoa kitu. Beseni la maji ya uvuguvugu, akae dakika 15 hadi 20, kisha mahali pa giza na utulivu. Msilivunje ndani. Kila ganda linamla karibu gramu 2 za kalisi, ndiyo maana akishapona chaza iliyosagwa isikosekane kwenye chombo chake.

7. Wengi wao wamekatwa ncha za midomo. Mnamwaga mtama kwenye sakafu ya saruji halafu mnalalamika kuwa hali chakula. Hawezi kuuokota! Mpeni kwenye sufuria yenye kina, mjaze kina cha vidole vinne, mloweke pumba kidogo. Nanyi mkae naye pale mpaka muone gole limetuna.