Kwa mwenyekiti mpya wa kikundi cha nyuki: mraba uchukue, ngazi iache nyumbani

Mleta uzi, hongera kwa kuchaguliwa. Umesema semina ilikupa karatasi ya "uongozi unganifu", yaani uongozi unaotazama pande zote za jambo, yenye mraba wa pembe nne na ngazi ya rangi, na unauliza kama vina kazi yoyote kwa kikundi cha wafuga nyuki huko Kaliua, Tabora. Mimi nimekuwa mwenyekiti wa kikundi kama hicho Sikonge kwa miaka sita, na niliwahi kupewa karatasi hiyohiyo. Nitakueleza yaliyonipata.

Mraba ule ni wa Ken Wilber, mwandishi wa Marekani, aliyeuweka wazi mwaka 1995. Anasema jambo lolote la watu lina pande nne zinazokwenda pamoja, ndizo pembe za mraba. Kuna yaliyo moyoni mwa mtu. Kuna anayoyatenda, yanayoonekana kwa macho. Kuna yale ambayo kundi linayaheshimu bila kuyaandika popote. Na kuna mifumo: katiba, soko, vibali vya msitu, barabara. Ukigusa pande mbili ukaacha nyingine, zile ulizoziacha zitakurudisha ulikotoka.

Sikuamini mpaka tulipopewa mizinga ya masanduku. Mradi ulileta mizinga, mavazi na mabomba ya moshi, ukatufundisha siku tano, ukaondoka. Nyuki waliingia vizuri. Mvua ilipokatika na asali kuiva, hakuna aliyefungua hata mzinga mmoja. Siafu walivamia, makundi yakahama. Afisa wa mradi alipokuja akaandika kwamba wanakikundi hawana mwamko. Iliniuma sana, kwa sababu hao anaowaita hawana mwamko ni watu wanaolala porini wiki nzima wakifuata mizinga yao ya magome.

Nilipokaa na wazee mmoja mmoja ndipo nikaelewa. Kwetu mzinga una mwenyewe, una alama yake, na kuufungua bila yeye ni wizi. Mzinga wa "kikundi" haukuwa na mwenyewe. Kila mtu alipita pembeni kwa adabu. Mafunzo yalikuwepo na vifaa vilikuwepo, ila ile pembe ya tatu, ya mambo yasiyoandikwa, hakuna aliyeiuliza. Tuligawa mizinga kwa watunzaji, kila mmoja akachonga alama yake kwenye ubao, na sehemu ya asali tukakubaliana iende kwenye mfuko wa kikundi. Msimu uliofuata mizinga ilifunguliwa.

Pembe iliyonisumbua zaidi, hata hivyo, ilikuwa ya kwanza, na ilikuwa yangu mimi.

Stoo yetu ya asali ina kufuli moja, na ufunguo nilikaa nao mwenyewe. Kila mkutano nilisema tugawane majukumu, mweka hazina apime na kupokea asali hata nisipokuwepo. Nilikuwa nasema kweli kabisa. Lakini nikisafiri kwenda Tabora mjini naondoka na ufunguo, watu wanasubiri na ndoo zao kivulini siku mbili. Mama mmoja mwanachama akaniambia mbele ya wote, "Mwenyekiti, mdomo wako unatupa stoo, mkono wako unaificha."

Robert Kegan na Lisa Lahey, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, wameshughulikia jambo hili hasa. Wanasema mtu anapotaka kubadilika na habadiliki, mara nyingi si mvivu wala mwongo. Ana ahadi nyingine aliyojiwekea moyoni, inayomlinda na kitu anachokiogopa, na hizo mbili zinavutana. Wanakutaka uandike unachokitaka, kisha unachokifanya kinyume chake, kisha ujiulize ungeogopa nini kama ungeacha kukifanya.

Niliandika usiku mmoja kwenye daftari la kikundi, ukurasa wa mwisho. Jibu lililokuja lilikuwa marehemu baba. Alikuwa karani wa chama cha msingi cha tumbaku. Fedha za wakulima zilipotea kwenye mikono mingi, lawama zikamwangukia yeye, na tuliishi na macho ya majirani mpaka anafariki. Nilikuwa nimejiapiza kwamba chochote cha watu kikiwa mikononi mwangu hakitapita kwa mtu mwingine. Niliwaeleza wenzangu kisa hicho kwenye mkutano, sauti ikakatika katikati. Hakuna aliyecheka. Palepale tukaamua: kufuli mbili, mweka hazina ana ufunguo mmoja na mjumbe wa kamati ana mwingine, na kila ndoo inaandikwa uzito na jina kabla haijaingia. Tazama jinsi pembe zinavyoshikana: hofu ya mtu mmoja ilikuwa imezuia mfumo mzima, na mfumo mpya ndio ulioiruhusu hofu ile itulie.

Sasa ngazi ya rangi. Asili yake ni Clare Graves, profesa wa saikolojia wa Union College, New York, aliyewaandikisha wanafunzi wake insha juu ya mtu mzima aliyekomaa, na kutokana nazo akapanga hatua za kukua kwa fikra. Don Beck na Christopher Cowan wakaikuza na kuipa kila hatua rangi yake. Ina mafunzo ndani yake, kwamba fikra za mtu mzima huendelea kukua. Lakini mimi niliitumia vibaya. Nilikaa na orodha ya wanachama nikampa kila mtu rangi, na mzee mmoja wetu nikamweka chini kabisa. Mjukuu wake akaiona karatasi. Mzee aliacha kuja mkutanoni bila kusema neno.

Nilikwenda kwake kuomba radhi. Alinipokea, akanikaribisha ugali, kisha akanichukua kambini kwake msituni siku tatu. Kule hakuna mkubwa wa kudumu. Anayeijua sehemu ya pori ya siku hiyo ndiye anayetangulia, na kesho anafuata nyuma ya mwingine bila kinyongo. Asali ya mzinga wa kwanza huliwa na wote. Namna hiyo ya kuongozana ndiyo vitabu vya uongozi vinaiweka karibu na kilele cha ngazi, na mimi nilikuwa nimempa anayeiishi daraja la mwisho.

Kwa hiyo mwezi wako wa kwanza usifundishe chochote. Tembelea mizinga pamoja na wenyewe, uliza alama ya kila mmoja ina maana gani. Katiba isomwe kwa sauti, kifungu kwa kifungu, na pale watu wanapotazamana simama uulize. Yale mambo matatu ya Kegan na Lahey yaandike wewe peke yako kwanza, kabla ya kumpa mtu mwingine. Ukitaka kuona jinsi tulivyopanga daftari la kupokelea asali, niandikie inbox nikutumie picha ya ukurasa.