Nishonee watu au niuze sare zangu?

SWALI: Ninashona nyumbani, Morogoro. Mteja huja na kitambaa, uzi na vifungo vyake. Shati la shule natoza ufundi sh. 5,000. Nina akiba ya sh. 600,000. Jirani ananishauri niache kushonea watu, ninunue majora, nishone sare niuze mwenyewe Januari. Nimsikilize?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Dada, kwanza piga hesabu ya shati moja. Shati la mikono mifupi la mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu hula kama mita moja na robo ya teteroni yenye upana wa inchi 45. Tuseme mita ni sh. 4,000: kitambaa 5,000, uzi, vifungo na gamu (kitambaa cha ndani cha kukazia kola) 1,000. Ukiliuza 12,000 unabaki na 6,000, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Katika hizo, 5,000 ni ufundi wako ambao ungelipwa vilevile bila kutoa mtaji. Faida ya kuuza ni 1,000 tu, na ndiyo itakayobeba shati lililokaa hadi Machi, lililochafuka kwa kujaribiwa, na mzazi aliyekopa akahamia mtaa mwingine.

Sare zitakulipa kama zitakuokolea muda, maana hakuna kupima mtu wala kubishana mtindo. Kata mashati mengi kwa pamoja, shona kola zote, kisha mikono yote, mwisho matundu ya vifungo. Ukizoea, siku iliyokuwa inatoa mashati matatu itatoa matano. Panga tabaka nne au tano tu za kitambaa na uzibane kwa pini. Zikizidi, ya chini huteleza chini ya mkasi na mkono mmoja wa shati hutoka mfupi kuliko mwenzake.

Kwa hiyo usiwaache wateja wako. Anza na mita 25, yaani mashati 20, gharama yake 120,000. Akiba iliyobaki usiiguse. Kwa vipimo vya kifua cha mtoto, kata manne ya inchi 24, saba ya 26, sita ya 28 na matatu ya 30, kila moja ukiongeza inchi 4 za nafasi. Kosa la kawaida ni kukata saizi zote sawasawa: za katikati huisha wiki ya kwanza, za pembeni zinabaki na hela yako imelala humo. Kabla ya kukata, loweka kipande cha kitambaa, kianike, kipige pasi, ukipime upya. Pamba tupu hurudi sana kuliko teteroni.

Anza na mashati meupe, kwa sababu yanauzika kwa shule nyingi za msingi. Sketi za bluu zisubiri kidogo: bluu ya jora moja huweza kupishana na ya jora jingine, na sketi yenye vipande vya rangi mbili hainunuliki. Sare za sekondari usikate bila oda na nusu ya malipo mkononi. Kila shule ina rangi yake, na rangi hubadilishwa.

Shona Septemba na Oktoba. Ukingoja Desemba, nguo za Krismasi zitakukuta na mashati nusu mezani, utachelewesha vyote viwili. Na malipo ya awali ya mteja si mtaji wa teteroni, yaweke mbali.

SWALI: Nifanye usafi wa nyumba za watu, au nitengeneze sabuni ya maji?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Usafi, kwa sasa. Ndoo, mopu, brashi na glavu zinatosha kuanzia, na malipo unayapata siku hiyohiyo. Sabuni inataka chupa, lebo na alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania; kwa mjasiriamali mdogo, njia yake huanzia ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa barua ya utambulisho. Ukitengeneza ya kutumia kazini kwako, tia chumvi iliyoyeyushwa kidogo kidogo huku ukikoroga. Mwanzoni huifanya sabuni iwe nzito, lakini ukipitiliza inarudi kuwa maji, na kuongeza chumvi nyingine huiharibu zaidi.