Wazo lililosema kwa sauti yangu

Mama yangu alifariki bara, mimi nikiwa Wete, Pemba, nafundisha. Simu iliingia jioni. Meli haikuwepo hadi keshokutwa, na nauli ya ndege sikuwa nayo. Alizikwa sijafika.

Baada ya wiki mbili hivi nikaanza kushtuka saa tisa usiku, shuka limelowa jasho, na wazo limeshaamka kabla yangu: Nilimwacha mama yangu. Likafuata jingine: Maombi yangu hayafiki popote. Kisha, polepole: Mungu amenichoka. Mawazo hayo hayakuniita "wewe". Yalisema "mimi", kwa sauti yangu na lafudhi yangu ya nyumbani. Ndiyo maana niliyaamini.

Nilipomweleza mtu niliyekuwa nikisali naye, akaniambia nimerogwa, si unajua Pemba inavyosifika kwa uganga. Nawasihi ndugu zangu mnaokuja kufanya kazi visiwani: msiipokee kauli hiyo. Kwa siku kadhaa niliwatazama kwa hofu majirani walioniletea futari Ramadhani nzima, wakijua sifungi. Paulo ameandika kwamba kushindana kwetu si juu ya damu na nyama, na mimi nilikuwa natafuta adui mlango wa pili.

Jirani huyohuyo wa mlango wa pili, bi mkubwa mmoja, ndiye aliyenisaidia bila kujua. Ulikuwa msimu wa karafuu. Akaniona nimekaa kibarazani nimeduwaa, akaniita: "Njoo mwanangu, tuchambue." Unashika kishada, unakisokota kwa kiganja, karafuu zinaangukia upande huu na makonyo unayaweka upande ule. Mimi nikawa nabeba konzi nzima. Akanishika mkono: "Kimoja kimoja, mwanangu. Ukifanya haraka utachanganya."

Usiku ule nililichukua wazo langu nikalichambua vilevile. Mama amefariki na sikufika: hilo ni kweli, linauma, na nina haki ya kulilia. Mungu amenichoka: hilo limetoka wapi? Limening'inia tu kwenye kishada kimoja na lile la kweli. Naamini hapa ndipo Ibilisi anapotushinda wengi. Uongo mtupu tungeukataa, kwa hiyo anaufunga kwenye jambo la kweli linalouma, tunaupokea wote kwa pamoja.

Tangu hapo nikawa na daftari kando ya kitanda. Lililo kweli naliandika, namweleza Mungu, nalia. Lililo uongo nalijibu kwa Neno, tena kwa sauti ya kusikika. Kabla ya hapo nilikuwa nabishana nalo kichwani, gizani, na kila usiku nilishindwa. Bwana Yesu kule jangwani hakujadiliana na mjaribu. Alijibu "Imeandikwa" mara tatu, kila jaribu na andiko lake. Kwa hiyo tafuta andiko linalogusa uongo wako wewe hasa. Langu lilikuwa Warumi 8, pale Paulo anaposema hakuna kitakachoweza kututenga na upendo wa Mungu. Nililirudia mpaka nikaweza kulisema nusu usingizini.

Na mwili usiusahau. Nilikuwa nimeacha kula usiku, nikiita kufunga, kumbe ni huzuni tu. Eliya alipoomba afe chini ya mretemu, malaika hakumkemea; alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Nikarudi kula. Simu nayo nikaitoa chumbani, kwa sababu kila nikiamka nilifungua ujumbe wa ndugu waliokuwa wakiuliza kwa nini sikufika msibani, nikausoma upya.

Likizo ilipofika nikavuka kwenda Unguja, nikaingia Kanisa Kuu la Kianglikana pale Mkunazini. Limejengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Nikiwa nimekaa pale nikasoma 2 Wakorintho 10:5, "tukiteka nyara kila fikira ipate kumtii Kristo". Nimelisoma andiko hilo tangu utoto, lakini mahali ambapo watu waliuzwa kweli, neno nyara lilinishika koo. Miezi mingapi nilikuwa mateka wa sentensi tatu, na sikuwahi hata kuzipeleka mbele za Bwana nikamwuliza kama ni zake?

Nikaomba mama mmoja wa kanisani awe ananiuliza kila Jumapili, "Usiku vipi?" Swali fupi tu, lakini uongo uliponitoka mdomoni mbele ya mtu anayenipenda ulipungua nguvu. Na kama mawazo yako yamefika mahali pa kutaka kujidhuru, tafadhali mwambie mtu leo, nenda hospitali. Kwa Unguja ipo Kidongo Chekundu, kwa magonjwa ya akili. Usiogope kuonekana pale. Daktari na maombi havigombani.

Wiki iliyopita wazo lile lilirudi, saa ileile. Nikawasha taa, nikataja jina la mama, nikalia kidogo. Kisha nikasema kwa sauti Zaburi ya 4, "Katika amani nitajilaza." Adhana ya alfajiri ilinikuta nimelala.