Kwa nini matangazo ya kumchafua mpinzani yananasa

Umeuliza kwa nini matangazo ya kumchafua mpinzani yanawanasa hata wanaosema hawayapendi. Ni kwa sababu hayahojiani na akili yako, yanakutia hofu kwanza. Chukua lile la Lyndon Johnson, rais wa Marekani aliyekuwa akigombea tena urais, Septemba 1964: mtoto wa kike anachambua petali za ua huku akihesabu, anafika tisa, sauti ya mwanamume inaanza kuhesabu kurudi nyuma, kamera inalisogelea jicho lake, kisha bomu la nyuklia linalipuka. Jina la mpinzani, Barry Goldwater, halitajwi hata mara moja! Mtazamaji anamalizia mwenyewe kwamba Goldwater angeleta vita vya nyuklia, na hitimisho ulilolifikia mwenyewe ni gumu kulikana. Kampeni ililirusha mara moja tu. Taarifa za habari zikalirudia bure.

Mbinu nyingine ni rahisi kuzitambua: picha iliyotiwa giza, muziki mzito, sentensi iliyokatwa katikati. Hii ya kukata sentensi ndiyo inayonikera kuliko zote, maana maneno ni ya mpinzani kweli ila maana si yake. Ukikutana nayo, tafuta hotuba nzima kabla hujasambaza.