Bingwa wa kwanza wa saiklokrosi
Bingwa wa kwanza wa dunia wa mchezo huu wa baiskeli ni Jean Robic, Mfaransa yuleyule aliyechukua Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za kuzunguka Ufaransa, mwaka 1947. Taji la dunia la saiklokrosi, zile mbio za matopeni ambako kuna mahali unashuka na kubeba baiskeli begani, alilipata Paris mwaka 1950, yalipofanyika mashindano rasmi ya kwanza. Roger Rondeaux, ambaye wengine humtaja kuwa ndiye wa kwanza, alishika nafasi ya pili. Yeye alianza kutwaa taji hilo 1951, akachukua mataji matatu mfululizo. Ila kabla ya 1950 kulikuwa na mbio za saiklokrosi za Critérium International hukohuko Paris, na wengine huihesabu kama ubingwa usio rasmi. Na hiyo Tour Robic aliishinda siku ya mwisho, bila kukimbia hata siku moja na jezi ya njano, ile anayoivaa anayeongoza mbio. Jamaa alikuwa mbishi!