Mtazame mkia, usingoje njuga ilie

Wiki iliyopita dada mmoja anayeishi Tucson, hapa Arizona, Marekani, alinitumia picha ya nyoka aliyepigwa mawe nyuma ya nyumba yake, akauliza: "Kaka, huyu si ndiye rattlesnake?" Siye rattlesnake, yaani nyoka mwenye sumu na njuga mkiani. Alikuwa gopher snake, nyoka asiye na sumu anayetumalizia panya. Akitishwa hutanua kichwa kikawa pembetatu, hupuliza, na kutikisa mkia kwenye majani makavu mpaka uape kwamba umesikia njuga. Lakini mkia wake umechongoka. Wa rattlesnake ni butu, na njuga iko pale mwishoni.

Nimelisema hili miaka yote niliyoishi Arizona, na bado watu wa kwetu hunijibu, "Nyoka ni nyoka, ua kwanza." Nawaelewa. Nami nimekulia Kigoma, na kifutu hatukumsubiri.

Nilipoanza kazi ya bustani Phoenix, msimamizi alinicheka mbele ya wenzangu kwa sababu sikufunua kitu chochote kwa mkono. Nilitumia mpini wa reki. Akaniita mwoga. Neno lile linaniuma hadi leo. Asubuhi moja ya Aprili nikafunua kisanduku cha valvu za maji, na rattlesnake yumo: amejikunja, rangi ya vumbi, mgongoni madoa ya pembe nne yaliyofifia. Kilichomfichua ni mkia, pete nyeusi na nyeupe zenye upana unaokaribiana. Huyo ni western diamondback, aina mojawapo ya rattlesnake. Pete nyeupe zikiwa pana kuliko nyeusi, mshuku Mojave, rattlesnake mwingine ambaye sumu yake huweza kushambulia mishipa ya fahamu. Hakulia hata kidogo! Tukarudi nyuma, wakaitwa wataalamu wa kuhamisha nyoka, na tangu siku hiyo kila mtu pale alishika reki. Najivunia hilo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, msingoje mlio. Mtoto wa rattlesnake huzaliwa na kifundo kimoja tu kisichoweza kulia, na sumu anayo. Wala usihesabu vipande vya njuga ukadhani ni miaka yake. Kimoja huongezeka kila anapojivua gamba, vingine huvunjika. Mboni iliyosimama wima na kishimo kati ya jicho na pua ni alama za kweli, ila ukiziona kwa macho matupu umeshamkaribia mno. Simama mbali, piga picha, ikuze kwenye simu.

Majira ya joto nyoka hawa hutembea usiku, basi mtoto asitoke pekupeku bila tochi. Shika adabu hiyo hata kwa hatua mbili za kwenda kutupa taka.

Akikuuma, usifunge kamba, usichanje, usinyonye, usiweke barafu. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba, kisha piga 911, namba ya dharura. Kituo cha ushauri wa sumu, 1-800-222-1222, hupokea simu usiku na mchana bila malipo, na Kiingereza kikikushinda unaweza kuomba mkalimani.